Njia ya Jerusalem Kwenda Jericho

Nimeishika kalamu mwaka huu si kwa sababu mhariri alinibembeleza, la hasha! Nimeishika kwa sababu kuna jambo lililonikwama kooni kama mwiba wa samaki tangu muhula wa kwanza. Wahenga walisema lililo moyoni ulimi huiba. Afadhali nilitoe mwenyewe kabla ulimi haujaniibia.

Jambo lenyewe ni hili. Sisi wanafunzi Wakristo wa shule hii, na hasa sisi tulio mstari wa mbele katika Chama cha Wanafunzi Wakristo, tunalitafuta somo la imani mbali mno. Tunalitafuta katika kesha, katika mikutano ya injili yenye vipaza sauti, na katika maombi ya kelele hadi mishipa ya shingo itutoke. Sisemi kwamba mambo hayo ni mabaya. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wanaokesha. Ninalosema ni kwamba somo hupita mbele ya macho yetu kila siku likiwa limevaa akala na kaptula iliyochanika, linakokota mkokoteni, na sisi tunaruka kando lisije likatuchafulia sare.

Hebu tukumbuke jinsi mwalimu wa imani yetu alivyofundisha. Hakuanza na maneno mazito ya kuwatisha wasikilizaji. Alichukua chachu ya mama anayekanda unga, sarafu iliyopotea nyumbani, mbegu, nyavu za wavuvi, taa na kondoo mmoja aliyepotea. Alichukua vitu ambavyo wasikilizaji wake walikuwa wamevishika kwa mikono yao asubuhi ile ile. Angalikuja Eastlands, sidhani angaliitisha mimbari. Angalianza na jiko la makaa ambalo lazima ulipulize machozi yakutoke ndipo moto ushike. Angalianza na mama mboga anayekukatia sukuma wiki na kukuongezea majani mawili juu bila kuombwa. Angalianza na daftari la deni la mwenye duka, ambamo jina la mama yako limeandikwa na halijafutwa tangu mwezi wa tisa. Angalianza na makanga anayekukimbilia kukurudishia chenji uliyoisahau. (Wapo, jamani! Si wengi, lakini wapo.)

Na sisi watoto wa Eastlands tumepewa kitu ambacho wenzetu wa Westlands na Karen hawana. Sisi tuna Jerusalem, na tuna Jericho. Ni mitaa miwili jirani, miongoni mwa ile iliyojengwa na Baraza la Jiji miaka ya 1950 na 1960 ili wafanyakazi wapate pa kulala. Mgeni akiabiri matatu ya Jogoo Road na kumsikia makanga akiita "Jericho! Jericho!" hudhani amepandishwa gari la mahujaji. Sisi tumezoea. Tumezoea hata tukasahau kwamba sehemu moja ya Jericho huitwa Ofafa Jericho kwa jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi aliyeuawa mwaka wa 1953 wakati wa Hali ya Hatari. Tumesahau pia kwamba mtaa wa Mbotela umebeba jina la Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka wa 1952. Kwa hivyo mitaa yetu imekuwa ikitaja majina ya watu walioshambuliwa tangu babu zetu walipohamia humu. Kila siku tunayatamka tukilipa nauli, wala hatuyasikii.

Sasa, yeyote aliyehudhuria shule ya Jumapili anajua kisa cha mtu aliyekuwa akitoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Kimo katika Injili ya Luka, sura ya 10. Majambazi walimvamia, wakampora, wakampiga na kumwacha taabani. Kuhani akapita. Mlawi akapita. Msamaria akasimama. Njia ile ya kale haikuwa ya mzaha. Yerusalemu iko juu ya kilima, mita 750 hivi juu ya usawa wa bahari, na Yeriko iko bondeni, mita 250 hivi chini ya usawa huo huo. Kati yake ni kilomita zipatazo 27 za mteremko, mawe na makorongo. Majambazi walikuwa na pa kujificha.

Njia yetu haina makorongo wala mteremko wa mita 1,000. Ukitembea kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa, dakika chache tu umetoka Jerusalem umeingia Jericho. Lakini nilikuja kujua, msomaji wangu, kwamba umbali wa njia haupimwi kwa kilomita pekee.

Ilikuwa siku ya Ijumaa mwezi wa Machi. Stima zilikuwa zimepotea na kiza kilikuwa kimeanza kutanda. Nilikuwa na wenzangu wawili. Biblia zilikuwa kwapani, na mmoja wetu alikuwa amebeba gitaa mgongoni. Tulikuwa tunatoka Jerusalem tukielekea Jericho kwenye kesha. Zamu ya kufungua kwa maombi ilikuwa yangu, saa moja kamili, na tayari ilikuwa saa moja kasoro dakika tano. Tulikuwa tunakaza mwendo kama watu wanaofukuzwa na mbwa.

Kando ya njia, karibu na mtaro, tulimwona mtu amelala. Shati lake lilikuwa limelowa jasho ilhali jioni ile ilikuwa na baridi. Alikuwa akitetemeka na kubwabwaja maneno yasiyoeleweka. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka.

Tulisimama. Nataka jambo hilo liandikwe, kwamba tulisimama, kwa muda wa kuhesabu moja hadi tano. Kisha mwenzangu mmoja akasema, "Aa, hiyo ni chang'aa tu. Twende, maze, tunachelewa." Yule wa gitaa akaongeza, "Na kama ni mtego je?" Na mimi, kiongozi wa maombi, nikasema maneno ambayo nayakumbuka hadi leo. Nilisema, "Tutamwombea tukifika."

Tukaenda zetu. Na tulipofika, jamani, tulisahau.

Katika mtaa wetu kuna mtu anayetuletea maji kwa mkokoteni. Mifereji ikikauka, na nyinyi mnajua inavyokauka, yeye ndiye tegemeo letu. Hukokota mitungi ya lita ishirini ishirini tangu alfajiri, akipiga mluzi na kuwatukana madereva wanaombana. Huvuta sigara. Kanisani sijawahi kumwona hata siku ya Krismasi. Siku moja alipotua mitungi mlangoni petu na kutema mate kando, nilimwambia Mama, "Huyu mtu hana Mungu." Mama aliniangalia tu, akalipa maji.

Jumapili baada ya kesha lile, maji hayakuja. Mama akanituma nimtafute. Nilimkuta jioni ameketi juu ya mkokoteni wake mtupu, akishona kandambili iliyokatika kwa uzi wa gunia.

"Shikamoo," nikamwamkia, kwa kuwa nilikuwa na shida. Siku nyingine sikuwa nikimwamkia.

"Marahaba. Mwambie mamako anisamehe. Mitungi imepungua."

"Imeenda wapi?"

Akacheka. "Imeenda kwa wenye kuihitaji."

Ndipo akanisimulia. Ijumaa jioni alikuwa akipeleka mitungi kumi na minne Jericho. Akamkuta mtu amelala karibu na mtaro. Akajaribu kumwinua, akashindwa. Akaishusha mitungi yote kumi na minne ikiwa imejaa, akaipanga kando ya njia, na akamwomba mtoto mmoja wa mtaani, mwenye chupa ya gundi puani, amsaidie kushika miguu. Wakamlaza juu ya mkokoteni, juu ya gunia, kisha akamkokota hadi zahanati. Huko wakamwuliza ni nani atakayelipa. Akatoa shilingi 500 alizokuwa amezipata tangu asubuhi, akaacha na simu yake ya mulika mwizi iwe rehani, akaahidi kurudi kesho yake na salio. Aliporudi njiani akakuta mitungi tisa. Mitano ilikuwa imebebwa. Mtungi mtupu mmoja haupungui shilingi 200, hebu piga hesabu mwenyewe.

"Alikuwa na nini?" nikauliza. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama inatoka mbali.

"Sukari. Ana ugonjwa wa sukari. Ni soja wa usiku kule kwenye viwanda. Alijidunga dawa akaondoka bila kula, nyumbani hapakuwa na kitu. Sukari ikashuka, akaanguka. Daktari anasema angelala pale hadi asubuhi, tungekuwa tunachanga za jeneza."

Nikamwambia kwamba tulimwona. Sijui kwa nini nilimwambia. Pengine niliona afadhali aibu ya kusema kuliko ile ya kunyamaza. Nikajitetea haraka, "Lakini tulidhani amelewa."

Akaacha kushona. Hakukasirika. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyekosea hesabu rahisi. "Hata mimi nilidhani amelewa," akasema. "Kwani mlevi si mtu?"

Msomaji mpenzi, ningeweza kukimalizia kisa changu hapa kwa ule mtindo wetu wa insha: "Kumbe hakuwa mlevi! Alikuwa mgonjwa! Tangu siku hiyo nilijifunza kutohukumu." Mwalimu angenipa alama nzuri. Lakini ningekuwa mwongo. Kwa sababu nikisema hivyo, maana yake ni kwamba kosa letu lilikuwa kutojua ugonjwa wake, na kwamba angalikuwa mlevi kweli, basi tulikuwa na haki ya kumwacha kwenye mtaro kwenye baridi. Yule mtu wa maji alikosea kama sisi tulivyokosea. Alidhani lile lile tulilolidhani. Tofauti ni kwamba sisi tulilitumia dhana yetu kama ruhusa ya kupita, na yeye hakuona kwamba inabadilisha chochote.

Nilirudi nyumbani nikakisoma tena kile kisa cha Luka, safari hii bila haraka. Niliona jambo ambalo sijawahi kuliona ingawa nimelisikia tangu chekechea. Yule mtu wa njiani hatuambiwi ni nani. Hatuambiwi kabila lake, kazi yake wala tabia yake. Wamemvua nguo, kwa hivyo mavazi hayamtambulishi. Yuko hoi, kwa hivyo hatamki neno ukajua ni wa wapi kwa lafudhi yake. Amebaki mtu mtupu. Pengine alikuwa mwema, pengine alikuwa mlevi, pengine naye alikuwa mwizi aliyezidiwa na wezi wenzake. Msimulizi hakuona haja ya kutuambia. Sisi ndio tunaotaka tuambiwe kwanza ndipo tuiname.

Jambo la pili linahusu yule aliyesimama. Siku hizi neno "msamaria mwema" limekuwa tamu mno. Redio haimalizi taarifa ya habari bila wasamaria wema kumkimbiza majeruhi hospitalini. Tumelisikia hadi limepoteza makali. Lakini watu waliosimuliwa kisa kile kwa mara ya kwanza hawakusikia utamu wowote. Wayahudi na Wasamaria walikuwa mahasimu. Waligombana hata juu ya mahali pa kumwabudia Mungu, hawa wakisema ni Yerusalemu na wale wakisema ni mlima Gerizimu. Kumsifu Msamaria mbele ya umati ule kulikuwa kama kuwachoma kwa sindano.

Basi kikisimuliwa leo katika soko la Jericho, nani angekuwa Msamaria? Mimi nimemtaja wangu. Ni mtu wa mkokoteni, mvuta sigara, ambaye nilisema hana Mungu. Wako wewe ni nani? Je, ni yule mwenye duka wa dini nyingine? Ni makanga aliyekutoa kwenye gari ulipopungukiwa na shilingi 10? Au ni mtu wa kabila lile ambalo nyumbani kwenu hutajwa kwa sauti ya chini? Wazazi wetu wanaikumbuka miezi iliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini. Hapa Nairobi, watu waliokuwa wakiombana chumvi walihama mitaa kwa kuogopana. Kanisani wengi wao walikuwa wakiimba katika kwaya moja. Wale waliofichwa chini ya kitanda na jirani wa kabila "lisilofaa" hawahitaji mhubiri awaeleze Msamaria ni nani.

Nilipomsimulia mwalimu wetu wa dini kisa changu, hakunikaripia. Alinieleza kuhusu watafiti wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, waliochapisha utafiti wao mwaka wa 1973. Waliwachukua wanafunzi 40 wa chuo cha theolojia cha Princeton, watu wanaosomea uchungaji. Wakawatuma mmoja mmoja wakatoe hotuba katika jengo jingine. Wengine waliambiwa wahutubu juu ya Msamaria Mwema huyu huyu. Njiani waliwekewa mtu aliyejikunyata mlangoni, akikohoa na kuugua. Katika wote 40, ni 16 tu waliomsaidia. Kati ya wale walioambiwa wamechelewa, waliosaidia walikuwa mmoja katika kila kumi. Kuwa na hotuba ya Msamaria kichwani hakukuleta tofauti kubwa. Kilicholeta tofauti ni haraka.

Niliposikia hayo nilipata faraja kidogo, kisha faraja ikageuka kuwa fedheha. Faraja ilikuwa kwamba si mimi peke yangu. Fedheha ilikuwa kwamba jina la dhambi yangu ni dogo mno. Sikupita kwa sababu ya chuki. Nilipita kwa sababu ya dakika tano. Tungalitoka nyumbani mapema kidogo, huenda tungalisimama zaidi ya kuhesabu moja hadi tano. Haraka haraka haina baraka, tunaiandika katika kila insha, lakini ni nani kati yetu amewahi kuichukua kama amri ya dini?

Najua kuna watakaonipinga, na wana haki. Watasema, "Wewe unaishi Nairobi gani? Ukiinama utapigwa ngeta. Ukimbeba hospitalini utaambiwa ni wewe uliyempiga. Polisi watakuita shahidi uende ukirudi hadi viatu viishe." Nimeyasikia hayo kwa rafiki yangu wa gitaa, na siwezi kusema anaota. Mitego ipo. Watu wameporwa kwa sababu ya huruma yao. Aidha, katika mitaa yetu ukelele wa "Mwizi!" ukipigwa, aliyelala chini huenda akapigwa mawe kabla ya kuulizwa jina.

Jibu langu ni mawili. Kwanza, kuhani na Mlawi nao walikuwa na sababu kama hizo, tena barabara yao ilikuwa mbaya kuliko yetu. Hofu si uongo, lakini kisa hakikuandikwa kwa ajili ya njia zilizo salama. Pili, simwambii msichana wa kidato cha kwanza ainame peke yake gizani. Kati ya kuinama peke yako na kwenda zako kuna hatua nyingi. Unaweza kusimama mbali ukamwita. Unaweza kubisha kwenye duka la karibu, mkarudi mkiwa wanne. Unaweza kumwita mtu mzima. Mwenye simu anaweza kupiga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Sisi tulikuwa watatu, vijana wenye nguvu, na mwanga wa duka ulikuwa hatua hamsini kutoka pale. Hatukuwa na kisingizio. Na kuhusu hospitali, watu wetu wajue kwamba Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Wengi hawaijui haki hiyo, na asiyejua haki yake ni rahisi kurudishwa langoni.

Kwa hivyo nina mapendekezo matatu kwa shule yetu, na naomba walimu wetu wapendwa wayatafakari.

La kwanza, Chama cha Wanafunzi Wakristo kiwaalike wakufunzi wa Msalaba Mwekundu au wa St. John Ambulance watufundishe huduma ya kwanza, na wenzetu Waislamu na wengine wote wakaribishwe, maana damu haina dhehebu. Mimi nimejifunza machache tayari. Mtu mwenye sukari iliyoshuka anaweza kutokwa na jasho, kutetemeka, kupepesuka na kuongea ovyo, sawa kabisa na mlevi. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpe soda au maji yenye sukari. Akiwa hana fahamu, usimtie kitu chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu, hakikisha anapumua, kisha utafute msaada. Maneno hayo machache yangalimfaa yule soja kuliko kesha letu zima.

La pili, tuondoke mapema. Nasema kwa dhati. Anayekwenda kumwabudu Mungu na aache nafasi ya dakika kumi kwa ajili ya njiani. Zisipohitajika, utafika na kupumzika. Zikihitajika, huenda ibada yenyewe ikawa ni hapo.

La tatu, tuliache neno "tu". Mlevi tu. Chokoraa tu. Mtu wa mkokoteni tu. Mboch tu. Neno hilo lina herufi mbili, lakini limebeba watu wengi na kuwatupa mtaroni.

Pengine unataka kujua nilifanya nini mimi mwenyewe, maana kuhubiri ni rahisi. Nilikuwa na shilingi 350 nilizokuwa nikiweka za kununua viatu vya michezo. Nilimpelekea mtu wa maji zisaidie kununua mtungi. Alizikataa. Akasema, "Weka pesa yako. Kama unataka kulipa, Jumamosi nina safari tano na kile kilima kinaniua."

Nilikwenda. Jumamosi hiyo nilisukuma mkokoteni kwa nyuma kutoka asubuhi hadi jua la utosi, nikipita mbele ya watu wa kanisa letu, wengine wakiniuliza kama nimefukuzwa shule. Viganja vilinitoka malengelenge. Niligundua kwamba mitungi kumi na minne iliyojaa inakaribia kilo 300. Yeye aliishusha yote gizani kwa ajili ya mtu asiyemjua. Tulipofika pale kwenye mtaro hakusema kitu, nami sikusema kitu. Alipiga mluzi tu, tukapita na mzigo wetu.

Bado huvuta sigara, na bado huwatukana madereva. Sikuwahi kumwalika kanisani, kwa kuwa sijui ningemwambia anakuja kujifunza nini kutoka kwangu. Labda siku moja nitamwalika aje afundishe.

Wenzangu, Jumatatu hadi Ijumaa mnapita njia hizo hizo: Jerusalem, Jericho, Maringo, Makadara, Uhuru, Buru Buru, Kayole. Sijui ni nani aliyelala kando ya njia yenu. Pengine hakulala kwenye mtaro. Pengine ameketi dawati la nyuma na hajala tangu jana. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi nilikuwa na macho na nilitazama, nikapita. Kwa hivyo siwaambii mtazame. Nawaambia msimame, tena zaidi ya kuhesabu moja hadi tano.

Kalamu yangu inatua hapo.

Mwanachama, Kidato cha Tatu